Gharama ya Kusema Hapana: Rekodi za Mabunge Duniani

Mnamo saa nne na nusu usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitokea kwenye televisheni akatangaza utawala wa kijeshi. Shughuli zote za Bunge zikapigwa marufuku. Polisi wakaziba mageti ya Bunge mjini Seoul, na helikopta zikashusha askari kwenye viwanja vyake. Spika Woo Won-shik, mwenye umri wa miaka 67, alifika akakuta hakuna pa kupita. Akaruka uzio. Wabunge wengine nao wakaruka, huku watumishi wa Bunge wakirundika meza na viti milangoni na kuwapulizia askari vizima moto ili wasifike ukumbini.

Ndani ya ukumbi, wabunge walimsihi Spika aharakishe kura. Yeye alishikilia kwamba hoja iwasilishwe rasmi kwanza, ili asitokee mtu baadaye wa kuipinga kwa kasoro ya utaratibu. Askari wamo ndani ya jengo, na Spika anasubiri karatasi zikamilike! Mnamo saa saba usiku kura zikapigwa. Wabunge 190 kati ya 300 walikuwa wamefanikiwa kuingia, na wote 190 wakasema utawala wa kijeshi uondolewe. Ibara ya 77 ya Katiba yao inasema wabunge walio wengi wakitaka hivyo, Rais hana budi kutii. Alfajiri, mnamo saa kumi na nusu, amri ikafutwa. Siku 10 baadaye Bunge hilohilo lilimshtaki Rais kwa kura 204, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa madarakani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi ya kwanza kwenye orodha hii: hapana ya haraka kuliko zote, iliyotolewa saa mbili na nusu tu baada ya amri. Rekodi nyingine nazo nazipima kwa kuuliza swali lilelile. Mbunge akisema hapana, inamgharimu nini, na kiti chake kinashikiliwa na nani?

Kubwa, kongwe, dogo

Kwa wingi wa watu hakuna linalolifikia Bunge la China. Wajumbe wake wanakaribia 3,000, nao hukutana mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, katika Ukumbi Mkuu wa Umma mjini Beijing, kwa siku chache tu. Tarehe 11 Machi 2018 waliletewa pendekezo la kufuta ukomo wa vipindi vya Rais. Waliokubali walikuwa 2,958. Waliokataa walikuwa 2. Watatu hawakuegemea upande wowote, na kura moja iliharibika. Nimezitazama hesabu hizo mara nyingi, na kila mara mawazo yangu huwaendea wale wawili.

Kwa umri, Iceland ndiyo inayotajwa zaidi. Bunge lake, Althing, lilianza mwaka 930 katika uwanda wa Thingvellir. Hapakuwa na ukumbi wala vitabu. Palikuwa na mwamba, na juu yake alisimama msemaji wa sheria aliyechaguliwa kwa miaka 3, ambaye kila mwaka alisoma kwa kichwa theluthi moja ya sheria zote za nchi. Watu wa pwani yetu, ambako tenzi ndefu zilihifadhiwa vifuani kabla ya kuandikwa, hawatashindwa kumwelewa. Utawala wa Denmark ulilifuta Bunge hilo mwaka 1800, likarudi mwaka 1845 likiwa la ushauri tu. Leo lina wabunge 63.

Kwa udogo linatajwa Bunge la Micronesia, huko Pasifiki: lina wabunge 14, na Rais wa nchi huchaguliwa miongoni mwao. Rwanda inashikilia rekodi ya wanawake: mwaka 2008 Baraza lake la Wabunge lilikuwa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, 45 kati ya viti 80, na baada ya uchaguzi wa 2024 wakawa 51. Katiba ya 2003 iliwatengea viti 24, vingine wamevipata kwenye orodha za vyama.

Mtu mmoja tu alitosha

Nguvu kubwa kuliko zote aliyowahi kuwa nayo mbunge mmoja ilikuwa Poland. Katika Bunge la wakuu wa huko, la karne ya 17 na 18, kila jambo lilihitaji kukubaliwa na wote. Mwaka 1652 mjumbe aitwaye Władysław Siciński alipinga kurefushwa kwa kikao, na ikakubalika kwamba pingamizi lake peke yake limekivunja kikao kizima, pamoja na yote yaliyokuwa yamepitishwa humo. Baada ya hapo mchezo ukawa rahisi. Mfalme wa nchi jirani akitaka Poland isijenge jeshi, alichohitaji ni kumhonga mjumbe mmoja. Katika miaka 30 ya Mfalme August III, ni kikao kimoja tu, cha mwaka 1736, kilichomaliza kazi yake kikatoa sheria. Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 iliufuta utaratibu huo, lakini walikuwa wamechelewa. Majirani walishaanza kuigawana nchi tangu 1772, na kufikia 1795 Poland ilikuwa imefutika kwenye ramani.

Anayedhani hayo ni ya kale aende Arusha. Bunge la Afrika Mashariki, lenye wajumbe 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi mwanachama, likipitisha muswada linaupeleka kwa wakuu wa nchi. Mkuu wa nchi mmoja akikataa kuutia saini, unarudi. Ukipelekwa tena akakataa tena, muswada umekufa, hata kama wenzake wote wameusaini. Sijui ni kwa nini jambo hili halizungumzwi zaidi. Tunatuma wajumbe, tunalipa posho, tunapigania nani awe Spika, na mwisho wa yote kalamu moja katika mji mkuu mmoja inatosha kufuta kazi ya nchi zote.

Waliojiongezea miaka

Hapa ndipo Bunge lolote linapojaribiwa, kwa sababu anayekatiwa keki ndiye ameshika kisu. Rekodi ni ya Taiwan. Wabunge waliochaguliwa mwaka 1947 na 1948 katika China nzima walihamia kisiwani na serikali yao baada ya kushindwa vita na wakomunisti. Kwa kuwa uchaguzi mwingine haungewezekana bara, ikaamuliwa waendelee kukaa hadi nchi itakaporudishwa. Haikurudishwa. Wakakaa zaidi ya miaka 40. Wengine walifia vitini, wengine walizeeka hata wakawa wanaingizwa ukumbini kwa viti vya magurudumu kwenda kupiga kura kwa niaba ya majimbo ambayo hawakuwa wameyaona tangu ujana. Mwezi Machi 1990 wanafunzi walijaza uwanja mkuu wa Taipei wakidai mabadiliko, na mwezi Juni majaji wakuu wakaamua kwamba wazee hao waondoke wasipite tarehe 31 Desemba 1991. Wakaondoka.

Lebanon ilikaa na Bunge la mwaka 1972 hadi 1992 kwa sababu ya vita. Uingereza, yenye ukomo wa miaka 5 tangu sheria ya 1911, ilikaa na Bunge la 1935 hadi 1945, likijiongezea muda mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya vita ya Hitler. Hiyo ilikuwa sababu nzito, na vita ilipokwisha Ulaya, uchaguzi ukafanyika mwaka uleule.

Uganda haikuwa na sababu ya namna hiyo. Mwezi Septemba 2017 ukumbi wa Bunge mjini Kampala uligeuka uwanja wa ngumi na viti, walinzi wakaingia kuwaburuta nje wabunge wa upinzani. Tarehe 20 Desemba, kwa kura 315 dhidi ya 62, Bunge likafuta ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Wabunge walitumia muswada huohuo kujiongezea wenyewe muda, kutoka miaka 5 hadi 7, na nyongeza hiyo ianze na Bunge lao lililopo, ambalo wananchi walilichagua kwa miaka 5. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilitoa hukumu tarehe 26 Julai 2018: ukomo wa umri umefutwa kihalali, ila miaka ile 2 ya ziada ni batili. Kuhusu umri, majaji waligawanyika. Kuhusu wabunge kujigawia miaka, waliona wazi.

Sheria iliyosubiri miaka 202

Mshahara nao ni kisa kilekile. Tarehe 25 Septemba 1789 Bunge la Marekani lilipendekeza kifungu cha Katiba kilichoandaliwa na James Madison: nyongeza ya mshahara ambayo wabunge wamejipitishia isianze kulipwa mpaka uchaguzi mwingine upite. Majimbo yaliyoridhia hayakutosha, na jambo likasahaulika. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Gregory Watson, aliandika insha akidai kifungu hicho hakikuwekewa mwisho, kwa hiyo bado kinaweza kuridhiwa. Akapewa alama ya C. Hakukubali. Akaanza kuandikia mabunge ya majimbo barua moja baada ya nyingine, kwa miaka 10, na tarehe 7 Mei 1992 kifungu kikatimiza idadi kikawa sehemu ya Katiba. Mwaka 2017 chuo kilibadilisha alama yake ikawa A.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Katiba ya 2010 iliwanyang'anya wabunge kabisa uwezo wa kujipangia mishahara ikaikabidhi Tume ya Mishahara na Marupurupu. Tume ikapunguza mshahara wa mbunge kutoka takriban shilingi 850,000 kwa mwezi hadi takriban 532,000, na wabunge waliochaguliwa mwaka 2013 wakaanza vita nayo. Tarehe 14 Mei 2013 waandamanaji wa Nairobi walifika mbele ya Bunge na nguruwe hai na damu, wakaimwaga damu hiyo getini. Picha zile zilizunguka dunia. Mwishowe mshahara ulibaki pale Tume ilipouweka, ingawa wabunge walipata ruzuku ya gari.

Bajeti

Nguvu ya zamani kuliko zote ya Bunge ni kushika mfuko wa fedha. Marekani wakishindwa kukubaliana, ofisi za serikali hufungwa, na kufungwa kwa muda mrefu kuliko kote kulikuwa siku 43, Oktoba hadi Novemba 2025. Ubelgiji ilikaa siku 541 bila serikali mpya baada ya uchaguzi wa Juni 2010, na Bunge likawa linaruhusu matumizi kidogokidogo ili watumishi walipwe na hospitali ziendelee.

Dodoma, kwenye Bunge la Tanzania, mambo ni tofauti. Miswada ya kawaida huamuliwa kwa sauti: Spika anawahoji wanaoafiki, wanaitikia ndiyo kwa nguvu, wachache wanasema siyo, meza zinagongwa. Siku ya bajeti utaratibu hubadilika. Katibu anaita jina la kila mbunge, naye anajibu peke yake, ndiyo au hapana, na jibu linaandikwa. Katika ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo anayejibu hapana anajua kwamba wenzake wakiungana naye, wote wanaweza kurudi majimboni kuomba kura upya. Bajeti ya Serikali haijawahi kukataliwa tangu nchi ipate uhuru. Muswada wa kawaida nao una ukuta wake: Rais akiurudisha, na theluthi mbili ya wabunge wakaupeleka tena ndani ya miezi 6, ana siku 21 za kuchagua kati ya kuusaini na kulivunja Bunge.

Kenya ya 2024 ilionyesha kinyume chake. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha Muswada wa Fedha, 106 wakaukataa, na siku hiyohiyo vijana wakavunja uzio wakaingia bungeni. Watu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatausaini. Wale 195 waliokuwa wamesema ndiyo waliachwa wamesimama peke yao.

Kesi kubwa kuliko zote

Uingereza wana kanuni kwamba hakuna mahakama inayoweza kufuta sheria ya Bunge. Wahindi waliikataa. Kesava­nanda Bharati, kiongozi wa nyumba ya watawa huko Kerala, alikwenda mahakamani kutetea mali ya taasisi yake, na kesi ikakua hata ikasikilizwa siku 68 mbele ya majaji 13, ambalo ndilo jopo kubwa kuliko yote katika historia ya Mahakama ya Juu ya India. Tarehe 24 Aprili 1973, majaji 7 dhidi ya 6 waliamua kwamba Bunge linaweza kubadilisha kifungu chochote cha Katiba, ila haliwezi kubomoa misingi yake. Tofauti ya jaji mmoja tu.

Hoja hiyo ilivuka bahari ikafika Nairobi. Mei 2021 Mahakama Kuu iliutumia msingi huo kuzuia mabadiliko ya Katiba yaliyoitwa BBI, ambayo Bunge lilikuwa limeshayapitisha. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilisema msingi wa India hauhitajiki Kenya, kwa sababu Katiba ya 2010 ina kinga zake yenyewe, lakini BBI ikaanguka hata hivyo: Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kupitia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi.

Maneno machache yaliyogharimu miaka 3

Hotuba ndefu kuliko zote katika Seneti ya Marekani ni ya Cory Booker, zaidi ya saa 25 bila kukaa, tarehe 31 Machi hadi 1 Aprili 2025. Aliyeishikilia rekodi hiyo kabla yake, Strom Thurmond, alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kupinga sheria ya haki za raia weusi. Sheria ikapita.

Lakini maneno yaliyogharimu sana yalikuwa mafupi, na yalisemwa Nairobi. Oktoba 1975, miezi michache baada ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanajaribu kuliua Bunge kama walivyokwisha kukiua chama tawala, KANU. Wenzake wakamtaka athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, naye akaamua kwamba kilicho wazi hakihitaji kuthibitishwa. Tarehe 15 Oktoba polisi waliwakamata wote wawili ndani ya majengo ya Bunge. Hawakushtakiwa kwa lolote. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978, Rais Jomo Kenyatta alipokuwa amekwisha kufa. Kinga ya mbunge kusema bila kuogopa ilikuwa imeandikwa kwenye sheria siku ile, kama ilivyoandikwa leo.

Tanzania, aliyekaa kwenye kiti cha Spika muda mrefu kuliko wote ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, 1962 hadi 1973, kisha 1975 hadi 1994. Miaka yake mingi ilikuwa ya chama kimoja, na chama kilikuwa juu ya Bunge. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na papo hapo wakapoteza viti. Hata Agosti 1993, kundi la wabunge 55 lilipofanikiwa kupitisha azimio la kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, jambo hilo lilizimwa ndani ya chama tawala, CCM, mwaka uliofuata, Mwalimu Nyerere akiwa amelipinga hadharani.

Kwa hiyo Februari 2008 ulikuwa mwezi mkubwa. Kamati teule ya wabunge 5 chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mawaziri wawili wakafuata, Baraza la Mawaziri likavunjwa. Hakuna kamati ya Bunge letu iliyofika juu hivyo kabla yake wala baada yake. Na wengi wa walioifanya kazi ile walikuwa wabunge wa chama kilekile cha Waziri Mkuu, chini ya Spika Samuel Sitta wa chama hichohicho.

Kumwondoa aliye juu

Rigathi Gachagua ni Naibu Rais wa kwanza wa Kenya kuondolewa na Bunge: kura 282 dhidi ya 44 katika Bunge la Taifa tarehe 8 Oktoba 2024, na siku 9 baadaye Seneti ikathibitisha makosa 5 kati ya 11.

Rais, hata hivyo, aliondolewa zamani zaidi, huko Uganda. Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi wakaunda baraza la mashauriano la kukaa kama Bunge baada ya Idi Amin. Yusuf Lule aliapishwa urais tarehe 13 Aprili. Akaanza kuteua mawaziri bila kuwapeleka mbele ya baraza wathibitishwe, akidai Katiba ya zamani inampa uwezo huo. Tarehe 20 Juni baraza likamwondoa. Siku 68. Likamweka Godfrey Binaisa, na Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamwondoa huyo naye, bila kuliuliza baraza.

Katiba ya Tanzania inayo njia yake, ibara ya 46A. Hoja ya kumwondoa Rais inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote, taarifa ipelekwe kwa Spika si chini ya siku 30 kabla, halafu theluthi mbili ya kura, na kamati maalumu ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu. Ukiisoma peke yake, ni ibara nzuri. Isome pamoja na ibara ya 71, inayosema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwisha. Siku 30 zinatosha kabisa kwa kikao cha chama kuitishwa na wenye saini kufukuzwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo hawatarudi kwa miguu yao wenyewe. Na ibara hiyo haijakata kwa makali yaleyale kila mara: Julai 2017 wanawake 8 wa viti maalumu wa CUF walivuliwa ubunge ndani ya siku chache za kufukuzwa na chama, ilhali 19 waliofukuzwa na CHADEMA mwaka 2020 waliendelea kukaa bungeni. Mazungumzo ya Katiba mpya yakirudi mezani, hicho ndicho kifungu ambacho ningependa kuona kikiguswa kwanza.